Ghala la maua makavu mjini Washington

Ukibahatika kufika Washington, Marekani, usiikose makumbusho ya viumbe ya Smithsonian. Kiingilio ni bure. Wageni hukimbilia kumtazama ndovu mkubwa aliyesimama ukumbini. Lakini nyuma ya kumbi hizo, wasikofika wageni, kuna makabati yenye takriban mimea milioni 5 iliyokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi.

Usidhani ni takataka. Mwaka wa 2016 wataalamu walitangaza matokeo ya kupima chavua ya ua la manjano liitwalo goldenrod, kutoka mimea iliyochumwa kati ya 1842 na 2014. Protini ilikuwa imepungua kwa karibu thuluthi moja, huku hewa ya kaboni ikizidi angani.

Yatuhusu nini? Nyuki wa huko hutegemea chavua hiyo kujiandaa kwa majira ya baridi. Chakula kipo, lishe haba. Nao nyuki wakidhoofika, nani atachavusha matunda?

Aliyekausha ua mwaka wa 1842 hakujua litaulizwa swali gani. Hata Nairobi, Makumbusho ya Taifa yanahifadhi mimea mikavu ya Afrika Mashariki. Akiba haiozi.