Shajara ya mapipa ya Olympia

Jumapili, 30 Julai 2023
Tamasha la Great British Beer Festival linafunguliwa keshokutwa hapa Olympia, London, na leo ukumbini tupo sisi wa kujitolea tu. Hakuna anayelipwa. Mapipa yamelazwa safu kwa safu, mengi ya ujazo wa lita 41 hivi, na yanahitaji muda wa kutulia kabla ya mtu yeyote kuonja.

Nimepangwa na mzee mmoja aliyeanza kazi hii kabla sijazaliwa. Ameniwekea nyundo ya mti mkononi, akanionyesha kizibo cha juu ya pipa, kisha akaniambia nigongelee hapo kijiti cha mti laini. Nikagonga. Hewa ikatoka kwa mlio, povu likachemka kukizunguka kijiti. Chachu iliyomo bado ina uhai, inaendelea kula sukari na kutoa gesi, nayo gesi lazima ipungue polepole kupitia vinyweleo vya ule mti. Povu likitulia, kijiti laini hung'olewa na kigumu huwekwa mahali pake ili gesi iliyobaki isipotee. "Sasa liache," akasema. "Ukilitikisa, utaichafua bia yote."

Jumanne, 1 Agosti
Milango imefunguliwa. Nimevuta bomba la mkono mpaka bega linauma. Wengi wanaagiza theluthi ya painti, wapate kuonja bia nyingi bila kulewa, nami nauona huo ni ustaarabu. Bia hutoka na ubaridi kama wa pishi, nyuzi 12 hivi, na waliozoea bia ya barafu hushangaa mara ya kwanza. Ni kwa ubaridi wa kiasi hicho ndipo harufu ya hopsi na ya kimea inapokujia vizuri.

Bia bingwa ya mwaka imetangazwa: 1872 Porter ya kiwanda cha Elland, Yorkshire. Ilishinda pia mwaka 2013. Ni nyeusi, ina kilevi cha asilimia 6.5, na uchungu wake ni kama wa kahawa iliyokaangwa sana. Nimepata theluthi yangu baada ya zamu. Inastahili.

Alhamisi, 3 Agosti
Wakati wa chakula mzee amenisimulia habari za CAMRA, chama kinachoandaa tamasha hili. Kilianzishwa mwaka 1971 na vijana wanne wakiwa likizoni Ireland, ili kuitetea bia hai, yaani ile ambayo chachu yake ingali na uhai pipani. Siku hizo viwanda vikubwa vilikuwa vinaua chachu kwa joto, vinachuja bia na kuisukuma kwa gesi, kwa sababu bia ya namna hiyo hukaa muda mrefu na haihitaji mtunzaji. Bia hai pipa lake likishafunguliwa huanza kuharibika baada ya siku chache. Kwa hiyo baa yenye mtunzaji mvivu hutoa bia mbovu, na mnywaji hulaumu bia.

Nikamweleza habari za mbege, pombe yetu ya ndizi. Kwetu Kibosho, Kilimanjaro, ndizi mbivu huchemshwa, huachwa zichachuke, kisha huchanganywa na uji wa ulezi uliooteshwa. Gome la msesewe ndilo linalotia uchungu, kazi ile ile ya hopsi. Mbege nayo haingoji: ya leo ni tamu, ya keshokutwa ni kali. Mzee aliacha kula, akaniuliza gome hutiwa kiasi gani, na lini. Sikuwa na jibu la kumpa. Mahari, msiba na upatanisho vyote hupitia kwenye kinywaji hiki, na ujuzi wake umo mikononi mwa kina mama.

Jumamosi, 5 Agosti
Siku ya mwisho. Mapipa mengi yamekauka. Tumeosha mabomba na kubeba masanduku ya glasi hadi usiku.

Jumatatu, 18 Desemba
Nimesoma kwamba kiwanda cha Elland kimefungwa, miezi michache tu baada ya ubingwa. Nimeumia. Medali haikulipa gharama zake. Mnywaji akisifu bila kununua, mtengenezaji hafiki mbali.

Jioni nimempigia mama. Baada ya shikamoo nimemwomba vipimo vyake vya mbege, kuanzia ndizi hadi msesewe. Ameniambia msesewe haupimwi kwa kijiko, unapimwa kwa ulimi, na kwamba nikitaka kujua niende nyumbani nikapike naye. Nimeomba likizo ya Juni.