Mshairi Niliyemsingizia

Katika sura ya nne ya tasnifu yangu ya uzamili palikuwa na sentensi niliyoipenda kupita kiasi. Ilidai kwamba mshairi mmoja mkongwe wa pwani, ambaye diwani yake haijachapishwa hadi leo, ni mkiushi wa arudhi wa chini kwa chini: vina anavitunza kwa uaminifu, lakini kila azungumziapo ng’ombe au safari za ng’ambo huupenyeza mzani wa kumi na saba katika mshororo wa mizani 16. Niliisoma sentensi hiyo katika semina ya idara na wenzangu wakaipokea vyema. Nilikuwa hata nimeanza kuitafutia nadharia.

Hesabu yenyewe sikuifanya kwa vidole. Kwa msaada wa rafiki asomaye sayansi ya tarakilishi, niliunda programu ndogo kwa lugha ya Python. Programu ile husoma faili, huondoa alama za mkazo ambazo mjukuu wa mshairi, aliyeipiga chapa diwani, alizitia hapa na pale juu ya irabu, kisha huhesabu irabu na kuongeza m na n zinazosimama kama silabi, mfano wa zile za mtu na nchi. Ili tusijidanganye tuliiandikia majaribio yanayojiendesha yenyewe: programu hupewa neno, hutoa idadi, na idadi hiyo hulinganishwa na ile tunayoijua. Nikaweka sharti kwamba hesabu ya diwani isianze kamwe kabla ya majaribio yote kufaulu. Majaribio na hesabu vilifuatana kwa mkupuo mmoja, ndani ya mchakato mmoja wa tarakilishi. Nilidhani huo ndio uangalifu.

Mwalimu anayenisimamia hakubishana nami. Aliuchagua mshororo mmoja kati ya ile niliyoituhumu, akaniambia, “Hebu usome kwa sauti, polepole.” Nikasoma. Yeye akawa anakunja vidole. Vikafika kumi na sita, vikakoma. Tukarudia. Sikuwa na la kusema.

Usiku huo niliiendesha hesabu peke yake, bila majaribio. Ukiushi wote ukatoweka, isipokuwa katika mishororo mitatu. Nikatanguliza majaribio, ukarudi. Kikulacho ki nguoni mwako: kosa lilikuwa ndani ya walinzi wenyewe.

Kila mchakato wa tarakilishi huwa na mpangilio wa lugha na mahali. Mpangilio huo huamua, pamoja na mambo mengine, iwapo sehemu za desimali zitatengwa kwa nukta au kwa koma, na herufi zitasomwa kwa usimbaji gani iwapo programu haikutaja wowote. Tarakilishi yangu ya Linux imewekewa sw_KE, yaani Kiswahili cha Kenya, kwa usimbaji wa UTF-8. Sasa, jaribio letu mojawapo lilikusudiwa kuthibitisha kwamba tunaweza kusoma faili za zamani zilizosimbwa kwa ISO 8859-1. Ili kufanya hivyo lilitumia amri ya setlocale kuugeuza mpangilio, likasoma faili yake, likafaulu, likaenda zake. Halikuurejesha. Amri hiyo haibadilishi jaribio moja tu, bali mchakato mzima, na kila kilichofuata kilirithi mpangilio ule.

Programu za kuandikia zina mazoea ya kuigeuza ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda. Katika UTF-8 ritifaa hiyo iliyopinda huhifadhiwa kwa baiti tatu. Baiti hizo zikisomwa kwa ISO 8859-1, ya kwanza hugeuka kuwa herufi â, na mbili zilizosalia huwa alama za udhibiti zisizoonekana kwa macho. Ng’ombe akawa ngâombe. Programu ikaivua â kofia yake, ikaiona a, ikahesabu silabi tatu badala ya mbili. Ndiyo maana mshairi wangu “alikiuka” penye ng’ombe na ng’ambo tu! Majaribio ya mizani hayakuligundua hilo kwa kuwa maneno yake yaliandikwa ndani ya programu yenyewe, hayakusomwa kutoka katika faili yoyote.

Rafiki yangu hakushangaa. Alinieleza kwamba hata waundaji wa Python, wanapoijaribu lugha yao, hutumia kiendeshi kinachoikagua hali ya mchakato kabla na baada ya majaribio, mpangilio wa lugha ukiwamo, na kulitaja jaribio lililoacha mabadiliko. Tumeiga hilo. Kila jaribio linalogusa mpangilio sasa huuhifadhi kwanza ule wa awali, na huurejesha katika sehemu ya finally, ambayo hutekelezwa hata jaribio likianguka katikati. Yale yanayohitaji mazingira ya kigeni kabisa tumeyahamishia katika mchakato tanzu: humo hubadilisha yapendavyo, na mchakato mzazi haudhuriki. Majaribio tunayaendesha kwa mfuatano wa kubahatisha, ili lile linalofaulu kwa hisani ya jirani yake lifichuke. Lakini dawa iliyonigusa zaidi ni nyepesi kuliko zote. Pale programu inapofungua diwani tuliandika wazi kwamba usimbaji ni UTF-8. Tungalifanya hivyo tangu mwanzo, jaribio lile lingaliacha fujo yake na mizani ya mzee isingeguswa.

Sentensi niliyoipenda nimeifuta, na nimeomba nafasi ya dakika kumi katika semina ijayo ili niikanushe mbele ya walewale walioisikia. Mishororo mitatu ingali na mizani 17, kwa vidole na kwa programu. Yote mitatu imo katika ubeti mmoja unaomtaja marehemu mkewe. Likizo hii nitashuka pwani nimwulize mwenyewe.