Sifa Juu ya Vilima vya Ngara

Basi likiondoka Biharamulo alfajiri, Boma la Wajerumani linabaki nyuma juu ya kilima chake na mbele ni msitu mtupu. Miombo inaishika barabara pande zote mbili kuelekea Lusahunga na Nyakahura. Upande wa kaskazini kuna Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyotangazwa mwaka 2019. Kuna miaka mabasi yalivuka hapa yakisindikizwa na askari wenye silaha kwa hofu ya majambazi, na sala ya abiria kabla ya safari haikuwa desturi tu.

Kisha nchi inainuka. Ngara ni kilima juu ya kilima, migomba na mibuni, ukungu ukijikusanya mabondeni asubuhi. Murgwanza, kando ya hospitali, ndipo yalipo makao ya Dayosisi ya Kagera ya Kanisa Anglikana, iliyoanzishwa mwaka 1985. Wakatoliki nao wana jimbo lao la Rulenge-Ngara. Kardinali Protase Rugambwa alipewa upadre kwa ajili ya jimbo hili mwaka 1990, na aliyemwekea mikono ni Papa Yohane Paulo wa Pili.

Ibada ya huku haina haraka. Ngoma inaanza, kwaya inaingia kwa mwendo wa kucheza, akina mama wanainua mikono na kuitandaza, vigelegele vinapasua paa la bati. Halafu unakuja ushuhuda: mtu anasimama mbele ya majirani zake, anasema alivyokosea na alivyosamehewa, na kanisa zima linampokea kwa wimbo. Huo ni urithi wa Uamsho, ule moto uliowaka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 ukavuka mpaka na kuenea mkoani Kagera. Nimeona makanisa yenye vioo vya rangi na kinanda kikubwa. Sijaona lililonionyesha ukuu wa Mungu waziwazi kuliko hili, ambamo anayesifiwa kwa kishindo namna hiyo ndiye huyo huyo anayeweza kuambiwa dhambi ya mkulima wa maharage.

Lakini Ngara haikamiliki bila maporomoko ya Rusumo. Mto Ruvubu unaungana na Mto Kagera, kisha maji yanajitupa katika mwanya wa miamba chini ya daraja la mpakani na Rwanda. Zaburi ya 29, inayosikia sauti ya Bwana katika ngurumo na maji mengi na kuwaita wana wa Mungu wamwabudu katika uzuri wa utakatifu, inafaa kusomwa hapa kwa sauti kubwa. Isomwe pia kwa kukumbuka. Aprili 1994 mto huu ulibeba miili ya waliouawa katika mauaji ya kimbari ya Rwanda mpaka Ziwa Victoria, na kuanzia tarehe 28 watu wapatao 250,000 walivuka daraja hili kwa muda wa siku moja hivi. Kambi ya wakimbizi ya Benaco ikageuka mji wa maturubai, na ndani yake walikuwamo waliokimbia kifo na waliokuwa wamekisababisha.

Inawezekanaje kuimba uzuri wa Mungu kando ya maji hayo? Wazee wa Ngara waliyaona yote, na Jumapili iliyofuata walikwenda kanisani. Sifa zao hazikutokana na kutojua. Kwangu, ndiyo maana zina uzito: mtu aliyeona mto ule akaendelea kusema Mungu ni mwema ameyapima maneno yake.

Panga kulala Ngara mjini Jumamosi. Baada ya ibada usiondoke. Mnada wa sadaka unafanyika nje, mikungu ya ndizi, kuku waliofungwa miguu, mayai, maharage. Pandisha dau. Ukishinda mkungu usiojua pa kuupeleka, mpe bibi uliyeketi naye benchi moja; atakuita mwanangu, na atataka kujua unarudi lini.