Penang kwa treni, Mikumi kwa dirisha la basi

Malaysia, mtu akikwambia wikiendi hii anakwenda Penang, utamuuliza kama anapanda treni au basi. Kwetu Tanzania, mtu akisema anakwenda Ngorongoro, tunamuuliza gari kalipata wapi, au kama ni safari ya ofisi. Tangu nihamie Kuala Lumpur nimezunguka sehemu nyingi za nchi hii. Fukwe zao na milima yao sivionei wivu, maana kwa hivyo Mungu ametujalia kuliko wao. Wivu wangu ni kwamba mwenyeji wa hapa anaitembea nchi yake bila kumwomba mtu.

Chukua Batu Caves, mapango yaliyo ndani ya mwamba wa chokaa nje kidogo ya jiji, ambayo Watamil wameyafanya mahali pa ibada tangu karne ya 19. Treni ile ile inayobeba wafanyakazi asubuhi inaishia hapo, na kutoka kituoni hadi miguuni mwa sanamu ya mungu wa Kihindu Murugan, yenye urefu wa karibu mita 43, ni mwendo wa dakika chache. Ngazi ni 272, zimepakwa rangi za kila namna tangu 2018, na kuzipanda hulipi kitu. Nilipopanda, mbele yangu mama mmoja alikuwa amembeba mtoto aliyetoka kunyolewa, kichwa kimepakwa msandali. Nyuma yake kijana wa Kichina na begi la shule mgongoni, kisha Wazungu wawili na kamera zao, kisha mzee wa Kimalay akipumzika kila baada ya ngazi chache. Kima wamekaa kwenye ukingo wakivizia. Mmoja akanyakua mfuko mkononi mwa msichana, akauchana, akatoa ndizi na kuanza kuimenya mbele ya watu. Umati wote ukacheka. Wengi wao nilikuwa nimeshuka nao kwenye treni moja.

Penang ni hivyo hivyo. Treni ya umeme kutoka Kuala Lumpur hutumia kama saa nne kufika Butterworth, kituo kimepakana na gati, na kivuko kinakuvusha hadi George Town kwa nauli ambayo haimsumbui mtu. Ukishashuka kuna basi la bure linalozunguka mji mkongwe. Mzanzibari hawezi kuwa mgeni pale. Katika mtaa mmoja utaukuta msikiti wa Kapitan Keling, uliojengwa na Waislamu wa Kihindi, hekalu la Kihindu, hekalu la Kichina na kanisa, na nyumba zenye maduka chini na makazi juu, milango ikifunguka moja kwa moja barazani. Kilima cha Penang kinapandwa kwa treni ya kuvutwa kwa kamba ya chuma tangu mwaka 1923. Raia mwenye kitambulisho analipa bei yake, mgeni kama mimi analipa zaidi, na nadhani ni haki kabisa.

Ila Wamalaysia wenyewe majengo ni jambo la pili kwao. Penang wanakwenda kula. Familia itaendesha gari usiku kucha kwa ajili ya laksa ya samaki na ukwaju, na wala hawaoni ajabu. Kwenye viwanja vya chakula kila mpishi anauza kitu kimoja tu, miaka nenda rudi: huyu tambi za kukaanga, yule laksa, wa tatu chai ya maziwa anayoimimina kutoka kopo hadi kopo, mkono mmoja juu na mwingine chini, mpaka itoe povu. Unakaa penye nafasi, hata kama mezani kuna watu usiowajua, unaagiza vibanda vitatu, na kila mmoja anakuletea sahani yake na kuchukua pesa yake. Sisi tunayo Forodhani, bustani iliyofunguliwa upya mwaka 2009 baada ya ukarabati wa Aga Khan Trust for Culture. Jioni pale utawakuta watoto wa Unguja wakirukia baharini, mabibi wakinunua miwa, na watalii kwenye foleni moja na wenyeji. Kila nikisikia mtu akisema mambo ya Malaysia hayawezekani kwetu, namkumbusha Forodhani.

Melaka ndiko kulikonichoma moyo. Mreno mmoja, Tomé Pires, aliyeishi pale muda mfupi baada ya Wareno kuuteka mji huo mwaka 1511, aliorodhesha mataifa yaliyofanya biashara bandarini. Katika orodha yake wamo watu wa Kilwa na watu wa Malindi. Fikiria: babu zetu walikuwa wakifuata pepo za kaskazi na kusi mpaka wakajulikana kwenye soko la upande wa pili wa bahari. Wareno hao hao walikuwa wameivamia Kilwa mwaka 1505, na mwishoni mwa karne hiyo wakajenga Ngome ya Yesu pale Mombasa. Ngome yao ya Melaka ilikuja kubomolewa na Waingereza, likabaki lango moja tu la mawe. Lango lenyewe unaweza kulipita kwa hatua chache, lakini halikosi mabasi ya wanafunzi, na walimu wanasimulia historia papo hapo kwenye jua. Mwisho wa wiki, soko la usiku la Jonker Street hujaa mpaka watu wanatembea bega kwa bega.

Melaka iliingia Urithi wa Dunia mwaka 2008, pamoja na George Town. Kilwa Kisiwani iliingia mwaka 1981. Kilwa kuna Msikiti Mkuu wenye kuba zake, kuna Husuni Kubwa juu ya jabali linalotazama bahari, na Ibn Battuta alifika mwaka 1331 akausifu mji. Leo unapanda basi hadi Kilwa Masoko, unatafuta kibali, unapatana bei na mwenye mashua, na ukivuka, mara nyingi mtaizunguka wewe, kiongozi wako na mbuzi wa wanakijiji. Nisiseme mengi juu ya bustani za chai za Cameron Highlands wala fukwe za Langkawi. Ni nzuri, lakini aliyeziona Lushoto na Mafia haduwai.

Si kwamba Watanzania hatusafiri. Desemba ikifika, stendi ya Mbezi inafurika, Wachaga wanakwenda kuhesabiwa, nauli zinapanda. Maelfu wanafika Moshi, wanauona Mlima Kilimanjaro kila asubuhi wakifungua dirisha, na wanarudi Dar es Salaam bila kulifikia hata lango la Marangu. Na safari ya kwanza ya mbugani kwa wengi wetu ilikuwa ya bure: basi la Iringa au Mbeya linapokatiza Mikumi. Dereva anapunguza mwendo, konda anapaza sauti kwamba tembo wako kushoto, abiria wa kulia wote wanasimama, mtoto anainuliwa dirishani. Kwa dakika hizo basi zima linakuwa na furaha ya ajabu. Kisha mbuga inaisha, mtu analala tena.

Wengi hudhani kikwazo ni kiingilio. Mtanzania analipa maelfu ya shilingi pale mgeni anapolipa makumi ya dola. Shida inaanzia getini kwenda ndani, kwa sababu simba hafuatwi kwa miguu wala kwa bajaji. Gari la kukodi kwa siku, pamoja na mafuta na dereva, linakaribia mshahara wa mwezi wa watu wengi. Ndiyo maana tunasubiri safari ya ofisi, au tunachangishana kwenye kikundi cha WhatsApp mpaka watu wa kujaza Coaster wapatikane, na mara nyingi hawapatikani.

Najua dola za wageni ndizo zinazolipa askari wa wanyamapori, na nilifurahi Rais Samia alipoonekana kwenye filamu ya Royal Tour mwaka 2022 akiinadi nchi yetu kwa dunia. Malaysia nao wana ya kwao ya kujutia: misitu mingi imegeuka mashamba ya michikichi, na chui milia waliobaki porini wanakadiriwa kuwa chini ya 150. Lakini baada ya msukosuko wa uchumi wa mwaka 1997, walianza kampeni kubwa ya kuwahimiza raia watumie likizo zao nyumbani, na raia aliyeitikia alikuta njia ya kufika ipo.

Kwetu njia imeanza kufunguka. Tangu 2024 treni ya SGR inatoka Dar es Salaam mpaka Morogoro na Dodoma, na ndugu zangu wameipanda kwa ajili ya raha ya kuipanda tu. Kutoka kituo cha Morogoro hadi Mikumi ni kama saa mbili kwa barabara ya lami. Ninachotaka kukiona nikirudi likizo ni basi limeegeshwa nje ya kituo kile kila Jumamosi asubuhi, la wazi pembeni, lenye bei moja iliyoandikwa kwa Kiswahili mlangoni, linaloondoka saa yake hata kama halijajaa.