Nasaba Isiyo na Faili

Nilikwenda Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, jijini Nairobi, kutafuta asili ya ukoo wetu wa Pumwani. Nilianza na kipande, cheti cha kazi ambacho serikali ya kikoloni iliwavisha wanaume Waafrika shingoni kuanzia mwaka 1920. Ndipo nilipong'amua kosa langu: aliyejenga nyumba yetu ya udongo Majengo alikuwa mwanamke, mama mzazi wa nyanya yangu. Yeye hakuvishwa kipande.

Nilirudi nyumbani, nikaketi mkekani miguuni pa nyanya, kalamu mkononi. Alinitajia mamaye, kisha mama wa mamaye. Jina la tatu lilimponyoka. Akaniahidi atalikumbuka kesho. Nami, ndugu msomaji, naihofu hiyo kesho.