Ndege Njema

Neno ndege katika Kiswahili lina maana tatu: kiumbe arukaye, chombo kirukacho, na ishara ya heri au shari. Kwa sababu hiyo msafiri huombewa ndege njema. Kila ufikapo mwezi wa Aprili, maana hizo tatu hunirudisha Maua, mwaka 2006.

Nilikuwa mtoto. Baba aliuza miraa, na miongoni mwa wateja wake walikuwamo Mgabra na Mborana waliokuwa wakija kutoka Marsabit kwa lori moja. Baadaye wakaacha. Mmoja alikuja Jumanne, mwingine Ijumaa. Nilipouliza sababu, Baba alinijibu kwa neno moja: Turbi. Huko, Julai 2005, makumi ya watu waliuawa, wakiwamo watoto wa shule.

Tarehe 10 Aprili 2006 redio ikatangaza kwamba ndege ya Jeshi la Wanahewa la Kenya, aina ya Harbin Y-12, imeanguka Marsabit. Mlima huo ni kama kisiwa cha msitu katikati ya nyika kame, na siku hiyo ulifunikwa na mvua na ukungu. Kati ya watu 17 waliokuwamo, 14 walifariki. Miongoni mwao walikuwa wabunge watano: Bonaya Godana, Abdi Sasura, Guracha Galgallo, Titus Ngoyoni na Mirugi Kariuki. Wanne wa kwanza walitoka katika jamii za Wagabra, Waborana na Warendille. Walikuwa wakienda kwenye mkutano wa amani.

Baba alizima redio, akasema, "Angalau walipanda pamoja."

Sikumwelewa wakati huo. Leo naona kwamba alikuwa akiwawazia wateja wake wawili. Viongozi walikuwa wameketi ndani ya chombo kimoja, ilhali raia wao walikuwa hawawezi tena kupanda lori moja.

Mnamo 2009 Wagabra na Waborana walikubaliana amani kwa Azimio la Maikona. Hata hivyo, Mei 2022 serikali ililazimika kuweka kafyu Marsabit kwa sababu ya mauaji. Amani ya huko, basi, haikumalizwa na ajali wala haikukamilishwa na azimio.

Wale wateja wawili sikuwaona tena wakishuka pamoja. Ewe msomaji, umwombeapo msafiri ndege njema, muulize pia ameketi na nani.