Bondia Ambaye Hakutoka Kiwandani

Providence, Jumapili, 7 Januari 2024

Theluji imetufungia ndani, basi nimeianza ile kazi. Mezani nina Quick Kick wa 1985, sanamu ya kuchezea ya G.I. Joe, kifua wazi. Miguu yenye buti ya askari mwingine aliyevunjika dole gumba. Na glavu za Big Boa. Kutokana na hivi nataka nimpate Rocky Balboa, yule bondia wa filamu, kama askari wa G.I. Joe.

Alikuwa aje kweli. Marvel, wachapishaji wa komiki za G.I. Joe, walimweka katika toleo la pili la Order of Battle, ile orodha yao ya askari wote, na toleo la tatu likamfuta: Hasbro, watengenezaji wa sanamu hizi, hawakufikia mapatano ya kumtumia. Mwaka 1987 tukapewa Big Boa, bondia wa upande wa adui. Mwanamieleka Sgt. Slaughter alipata sanamu yake, William Perry wa Chicago Bears akapata yake. Rocky, ambaye kwenye kibanda cha video kule Tanga ndiye alikuwa steringi wetu, hakupata. Na Pawtucket, makao ya Hasbro, ni hapo jirani tu.

Jumamosi, 13 Januari

Skrubu moja ya mgongoni ndiyo inayoshika mwili wote. Ukiitoa, kifua kinaachana na mgongo, mikono na kichwa vinadondoka, inabaki oringi ya mpira iliyonasa kwenye ndoano ya chuma ya miguu. Hii ilikuwa imekauka, nilipoigusa tu ikakatika. Nimepata nyingine duka la vifaa vya mabomba. Kiuno kimekaa sawa na miguu mipya, hakichezi.

Jumapili, 21 Januari

Kichwa kimenila wiki nzima. Nimechukua cha askari mwenye nywele nyeusi, nikakwangua kofia kwa kisu, nikajaza puti, nikapiga msasa. Pua nimeijenga mara tatu. Ya kwanza ilikuwa nzuri mno: matundu yanaonekana, kovu juu ya nyusi, hata jasho nililichonga kwa ncha ya sindano. Nikamsimamisha kati ya wenzake wa 1987, akaonekana mgeni. Wale nyuso zao ni rahisi, rangi chache, kwa sababu kila rangi kiwandani ni kazi nyingine na gharama nyingine. Mtu mwenye urefu wa inchi 3¾ aliyekusudiwa kuuzwa kwa watoto hakupewa jasho.

Nimeikwangua yote. Ninachotaka ni yule ambaye mtoto angemkuta dukani, kwa hiyo sina ruhusa ya kumzidi. Mafundi wengi wa siku hizi wanajaza vumbi, kutu na mikunjo mpaka sanamu inapendeza kweli, lakini si ya mwaka ule tena.

Ijumaa, 2 Februari

Carl Weathers amefariki jana. Apollo Creed wa filamu za Rocky. Sikushika brashi leo. Mwanangu Idi hakumjua, nikamwekea filamu ya kwanza, tukaitazama wawili mpaka mwisho. Akauliza, "Baba, na huyu naye utamtengeneza?" Nimemwambia huyu hakuwahi kuahidiwa.

Jumamosi, 10 Februari

Amekamilika. Rangi ya ngozi ya mikono imekubaliana na ya kifua, jambo nililoliogopa kuliko yote. Glavu zinaingia na kutoka bila kukwangua rangi.

Jamaa mmoja mkusanyaji amemwona na kuniomba nimuuzie, ila nisiweke alama yoyote. Nilielewa anakokwenda. Miguuni kuna muhuri wa Hasbro, wa kweli, na mtu akimpakia rangi kidogo ya kuzeesha anaweza kumpitisha kama sampuli ya kiwandani, akachukua maelfu ya dola kwa mtu mwenye mapenzi kama yangu. Nimemkatalia.

Usiku nikamfungua tena. Ndani ya mgongo, pale oringi inapopita, nimechora kwa sindano ya moto: 2024, na herufi mbili za jina langu. Idi akanishikia tochi. Kisha nikarudisha skrubu, taratibu, nisije nikapasua plastiki.